Timu isajili mpokeaji mkongwe au nafasi apewe kijana? Tuangalie Vikings na Thielen

Mnyalukolo

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila ikifika mwezi wa nane, mashabiki wa mpira wa Kimarekani tunabishana jambo moja. Mpokeaji mmoja anaumia mazoezini, mwingine anafungiwa, na hapohapo linatajwa jina la mzee fulani aliyewahi kutamba. Nusu ya watu wanasema "mleteni", nusu wanasema "muda wake umepita". Mimi niko Minnesota mwaka wa kumi na tatu sasa, timu yangu ni Vikings, na suala hili limeniuma msimu uliopita kuliko misimu yote. Nimeona niliandike kwa kirefu.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Anayerusha mpira anaitwa kwotabeki. Wanaotimua mbio kwenda kuudaka ndio wapokeaji. Jaribio la tatu ndilo linaloumiza roho, maana likishindikana, mara nyingi timu inaupiga mpira mbali na kumwachia mpinzani. Hapo ndipo unapomtaka mtu ambaye ukimrushia yadi 7 ana uhakika wa kuzipata hizo 7.

Sasa twende Agosti 2025. Vikings tulikuwa na kwotabeki kijana, J.J. McCarthy, tuliyemchagua wa 10 kwenye drafti (zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana wapya) ya 2024 na ambaye hakucheza hata mechi moja ya ligi mwaka huo kwa sababu ya goti. Mpokeaji wetu mkubwa Justin Jefferson alikuwa anauguza msuli wa paja kambini. Jordan Addison alifungiwa mechi 3 za mwanzo. Jalen Nailor alikuwa ameumia mkono. Mwingine aliumia goti kwenye mechi ya maandalizi na msimu wake ukaishia hapo. Tarehe 27 zikatoka habari: Adam Thielen anarudi nyumbani kutoka Carolina Panthers, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 35.

Mnielewe, kwa watu wa huku Thielen si mchezaji tu. Amezaliwa Detroit Lakes, hapahapa Minnesota. Amesoma chuo cha Mankato, saa moja na nusu kutoka mjini. Mwaka 2013 hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti. Alikuja Vikings kwa majaribio, akaanzia kikosi cha mazoezi, akapanda ngazi moja moja. Mwaka 2018 alivuka yadi 100 katika mechi 8 mfululizo za mwanzo wa msimu, akaifikia rekodi ya Calvin Johnson.

Kiangazi cha mwaka huohuo nilimpeleka mwanangu, akiwa na miaka saba, kwenye mazoezi ya wazi pale Eagan, kambini kwa Vikings. Tulikaa karibu kabisa na mstari. Thielen hakuwa mwenye mbio kuliko wenzake, hilo hata mtoto aliliona. Lakini alitoka kwa kasi ileile kila mara, mabega yameinama mbele kama mtu anayekwenda mbali. Beki akaanza kugeuza nyonga amfuate. Hapo Thielen akakanyaga kwa mguu wa nje, akashusha kiuno, akakata ndani. Mpira ulikuwa umeshaondoka mkononi mwa kwotabeki kabla Thielen hajageuza kichwa. Wakarudia mara nne, mara zote nne akatua palepale, na beki alikuwa yuleyule, anajua kinachokuja. Tangu siku ile naelewa mkongwe analipwa kwa ajili ya nini. Kwotabeki anaweza kurusha akiwa amefumba macho, akijua mtu atakuwepo.

Kwa hiyo aliporudi nilifurahi mno. Nilimpigia simu mdogo wangu Iringa saa nane usiku kwao. Na sababu za kiufundi zilikuwepo: mwaka 2023 pale Panthers, Thielen alidaka mipira 103 akicheza na kwotabeki Bryce Young aliyekuwa mwaka wake wa kwanza ligini. Timu ilikuwa mbovu, ilishinda mechi 2 tu, lakini kijana alikuwa na mtu wa kumwegemea. Mwaka 2024, katika mechi 10, alipata tena yadi 615 na tachidauni 5 (tachidauni ni kama goli, mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja). Huyo si mtu aliyekwisha.

Matokeo? Mechi 11, mipira 8, yadi 69. Mwanzoni mwa Desemba klabu ikamwachia akatafute nafasi ya kucheza kwingine, Steelers wakamchukua.

Nimelitafakari jambo hili miezi yote hii, na msimamo wangu ni huu: mkongwe alipwe fedha, asilipiwe vijana. Tena asajiliwe kwa kazi inayotajika, siyo kwa pengo la wiki tatu.

Tazameni tulichotoa. Panthers walipata chaguo letu (yaani haki ya kuchukua kijana kwenye drafti) la raundi ya tano la 2026 na la raundi ya nne la 2027. Sisi tukapata Thielen, chaguo la raundi ya saba la 2026 lenye masharti, na la raundi ya tano la 2027. Wapo wanaosema raundi ya tano ni makombo. Jamani, Stefon Diggs tulimpata raundi ya tano, mtu wa 146 mwaka 2015! Ndiye aliyetufungia ile tachidauni ya yadi 61 dhidi ya Saints sekunde za mwisho, Januari 2018, iliyotupeleka fainali ya kanda. Machi 2020 tukamuuza Bills, na kati ya tulivyopata mlikuwemo chaguo la 22 la mwaka ule. Chaguo la 22 tukamchukua Justin Jefferson, ambaye mwaka wake wa kwanza tu alipata yadi 1,400. Yaani Jefferson tunayemwimba leo ametokana na chaguo la raundi ya tano lililotunzwa vizuri. Klabu iliyopita njia hiyo inatoaje chaguo kama lile kwa mtu wa miaka 35?

Tena haikuwa mara ya kwanza. Oktoba 2010 tulimrudisha Randy Moss kutoka Patriots kwa chaguo la raundi ya tatu. Uwanja mzima ulisimama. Alicheza mechi 4, akaachwa.

Karibuni tujadili.

---

Kaka wa Tandale

Mkuu, nimesoma mwanzo mwisho ingawa mchezo wenyewe siujui vizuri. Mbona naona ni yaleyale ya Ronaldo kurudi Man United 2021? Alifunga 18 ligi kuu, si haba hata kidogo, ila timu ikaishia ya sita, na Novemba 2022 akaondoka kwa maneno. Mtu anarudi nyumbani, mashabiki wanalia machozi, lakini nyumba yenyewe imeshajengwa upya na chumba chake kimekaliwa.

Swali langu: kwa nini msimweke kijana wa benchi acheze hizo mechi tatu?

---

Mnyalukolo

Kaka, hapo kwenye chumba umegusa penyewe. Ila tofauti ipo: Ronaldo alipewa kazi, mipira ilimfuata. Thielen hakupewa. Addison alimaliza adhabu yake, akarudi mechi ya nne, ile tuliyocheza Dublin dhidi ya hao hao Steelers. Nailor alipona mapema. Jefferson alikuwepo tangu mechi ya kwanza. Mpaka Oktoba mzee alikuwa mtu wa nne.

Na hapa kuna jambo ambalo kwenye soka halipo. Mpokeaji wa nne au wa tano katika ligi hii halipwi kwa kudaka tu. Anatakiwa kwenye kikosi maalumu, wale wanaokimbia kumkaba mtu baada ya mpira kupigwa kwa mguu. Ni kazi ya vifua na magoti, ya vijana wa miaka 23. Mkongwe huwezi kumtuma huko. Timu ina wachezaji 53 tu. Ukiweka mkongwe asiyedaka na asiyekimbia kikosi maalumu, umepoteza nafasi mbili kwa mtu mmoja.

Kuhusu kijana wa benchi: mimi ningemweka. Angekosea, ndiyo, lakini angekosea Septemba na Novemba tungekuwa naye.

---

Dada wa Likoni

Hamjambo wote. Mimi niko Baltimore, shabiki wa Ravens damu. Kaka yangu Mnyalukolo naheshimu hoja yako, ila usiifanye sheria.

Aprili 2023 tulimsajili Odell Beckham Jr. kwa mwaka mmoja, dola milioni 15. Alikuwa hajacheza msimu mzima wa 2022 kwa ajili ya goti. Watu walitupigia kelele! Mwisho wa msimu ana mipira 35 na yadi 565. Ukiangalia namba hizo peke yake utasema tulitupa pesa. Lakini kumbuka hali ilivyokuwa. Kwotabeki wetu Lamar Jackson alikuwa ameomba kuhamishwa mwezi Machi. Beckham akasajiliwa tarehe 9 Aprili, na kabla mwezi haujaisha Lamar akakubali mkataba wa miaka mitano. Siwezi kukuapia kwamba ni Beckham aliyemfanya asaini, sikuwa chumbani. Lakini kwotabeki wako akiona unamtafutia watu wa kumsaidia, moyo wake unatulia. Tulishinda mechi 13 mwaka huo, tukafika fainali ya kanda.

Na kinyume chake tunakijua pia sisi. Tulichukua Super Bowl (fainali ya ligi nzima) Februari 2013 tukiwa na Anquan Boldin. Kufumba na kufumbua tukampeleka San Francisco kwa chaguo la raundi ya sita. Raundi ya sita! Mechi yake ya kwanza kule alidaka mipira 13 kwa yadi 208. Alimaliza msimu na yadi 1,179, akiwa na miaka 33. Sisi mwaka huo hata mchujo hatukuingia. Nililia na roho yangu. Kwa hiyo ukisema mkongwe asilipiwe vijana, waulize San Francisco kama wanalijutia lile chaguo la sita.

---

Mnyalukolo

Dada, asante sana. Boldin umeniweza, nakubali bila kinyongo. Ila hebu tumtazame kwa karibu. San Francisco walimchukua Machi, siyo mwisho wa Agosti. Alipata kambi nzima na kwotabeki wake. Mwezi Mei Michael Crabtree akakatika mshipa wa kisigino, kwa hiyo Boldin aliingia kwenye nafasi ya mtu wa kwanza kabisa. Kazi ilimngoja. Na hakuwa mtu wa mbio hata ujanani, alikuwa mtu wa nguvu na mikono, vitu ambavyo havizeeki haraka.

Hilo ndilo jambo ambalo wanaosajili kwa jina hawaliangalii. Mpokeaji anayeishi kwa mbio akipoteza nusu hatua, amekwisha, maana beki aliyekuwa anamwogopa sasa anamsogelea. Anayeishi kwa kukata kona na kujua mabeki wamejipangaje anaweza kupoteza hatua nzima na bado akadaka.

Na Beckham mlimlipa fedha, chaguo zenu zote zikabaki nyumbani. Hata kama angevunjika siku ya kwanza, vijana wa kesho wangekuwepo. Titans ndio walioumia: Juni 2021 walitoa chaguo la raundi ya pili na baadaye la raundi ya nne kwa Julio Jones, jina kubwa kuliko yote wakati ule. Mechi 10, tachidauni 1, mwaka uliofuata wakamwachia. Paja lilikuwa linamsumbua tangu Atlanta na kila mtu alijua.

---

Msafiri wa Bukavu

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima kidogo humu, niliingia California mwaka 2000. Mnazungumza wakongwe bila kumtaja Jerry Rice? Haiwezekani.

San Francisco walimwacha mwaka 2001. Akavuka daraja tu kwenda Oakland Raiders, umri miaka 38. Watu walidhani anakwenda kustaafu polepole. Msimu wa kwanza, akiwa tayari ametimiza 39, yadi 1,139. Wa pili, akiwa na 40, mipira 92 na yadi 1,211, na Raiders wakaingia Super Bowl. Wakafungwa na Tampa Bay 48 kwa 21, siku hiyo sikula chakula cha jioni, lakini walifika.

Kwa nini aliweza? Kwotabeki Rich Gannon naye alikuwa mtu mzima. Upande wa pili kulikuwa na Tim Brown, mkongwe mwingine. Ule mpango wa Oakland ulikuwa wa mipira mifupi, mingi, ya saa na dakika. Hakuna aliyemtaka Rice akimbie yadi 60. Walimtaka awe mahali fulani kwa hatua ya tano, na hapo hakukosekana. Mwenye uzi alivyosimulia mazoezi ya Eagan ndivyo Rice alivyokuwa kila Jumapili.

Msimpime mkongwe kwa miaka. Mpimeni kwa mpango wa kocha.

---

Kipa Namba Moja

Mnyalukolo, nitakupinga moja kwa moja, usinichukie. Unahukumu ukiwa umeshaona matokeo. Jirudishe tarehe 26 Agosti 2025. Una kijana asiyewahi kucheza mechi ya ligi. Wapokeaji wako wanne wana matatizo. Mechi ya kwanza ni ugenini Chicago, usiku, nchi nzima inatazama. Mkononi unaye mtu aliyecheza mfumo huo huo chini ya kocha Kevin O'Connell mwaka 2022, hahitaji kufundishwa hata neno moja. Usingemleta?

Halafu McCarthy akaumia kifundo mechi ya pili, Carson Wentz akaingia. Ule mpango wote wa "mzee amsaidie kijana" ukafa wiki ya pili. Hilo lingejulikanaje? Wewe mwenyewe umesema ulifurahi ukapiga simu Iringa.

---

Mnyalukolo

Mkuu, sikuchukii, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu na nimelala nayo siku mbili.

Ni kweli nilifurahi. Na ni kweli hakuna aliyejua McCarthy ataumia. Lakini tarehe 26 Agosti kulikuwa na vitu vilivyojulikana. Ilijulikana Addison amefungiwa mechi 3, siyo 10. Ilijulikana mkono wa Nailor ni jeraha la wiki chache. Pengo lilikuwa na tarehe ya mwisho, imeandikwa. Chaguo la drafti halina tarehe ya mwisho, likitoka limetoka.

Na njia nyingine ilikuwepo. Keenan Allen alikuwa mchezaji huru kiangazi kile, miaka 33. Chargers, timu yake ya zamani, walimrudisha Agosti kwa mkataba wa mwaka mmoja. Hawakutoa chaguo hata moja. Novemba akaivunja rekodi ya klabu ya Antonio Gates ya mipira 955. Naye ni mtoto aliyerudi nyumbani, naye kwotabeki wake alikuwa anamjua. Sisi tulilipa chaguo, wao walilipa fedha.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki wengi hatulifuatilii. Mchezaji mwenye misimu minne au zaidi ligini akiwa kikosini wiki ya kwanza, mshahara wake wa msimu mzima unakuwa na kinga hata akiachwa kesho yake. Ndiyo maana kila mwaka unaona wakongwe wanasajiliwa wiki ya pili ghafla, kama vile wameokotwa. Klabu zinangoja makusudi. Vikings wangeweza kwenda Chicago na Jefferson, Nailor na vijana, kisha Jumanne wakaangalia nani yupo sokoni. Tena Chicago tulishinda 27 kwa 24, na tachidauni zilizotuokoa robo ya mwisho hazikuwa za Thielen.

Lakini umenifanya nipunguze ukali kidogo. Kama kikosi kingekuwa na pengo la msimu mzima, kwa mfano Jefferson amekatika mshipa, ningetoa raundi ya tano na nisingelalamika.

---

Dada wa Likoni

Hapo sasa tunaelewana. Na Davante Adams je? Rams walimpa miaka miwili akiwa na 32, chaguo halikutoka, akaongoza ligi kwa tachidauni 14 za kudaka msimu wa 2025.

---

Mnyalukolo

Adams ndiye mfano wangu bora, dada, ulinitangulia tu. Rams walijua wanamtakia nini: yadi 10 za mwisho karibu na goli, pale beki hana nafasi ya kurudi nyuma na hatua za kwanza mbili ndizo zinaamua. Hakuna anayecheza hatua zile mbili kama Adams. Mpokeaji mwenzake, Puka Nacua, akachukua yadi za katikati ya uwanja. Mzee hakuombwa awe kila mahali.

---

Kaka wa Tandale

Mkuu, swali la mwisho kwangu. Siku ile anarudi Agosti, ungekuwa wewe mwenye uamuzi, ungemwambia nini Thielen usoni? Maana ni mtu wa nyumbani.

---

Mnyalukolo

Ningempigia simu mwenyewe, nisingemtuma mtu. Ningemwambia: Adam, Carolina wakikuachia, njoo, jezi namba 19 ipo. Wakitaka chaguo langu, baki huko ucheze, maana kule wewe ni mtu wa kutegemewa na hapa baada ya wiki tatu utakaa benchi mbele ya watu wa kwenu.

Ile mechi ya nyumbani ya Novemba dhidi ya Bears niliiangalia na mwanangu, sasa ana miaka kumi na minne. Robo ya tatu aliniuliza, "Baba, yuko wapi kumi na tisa?" Nikamwonyesha. Alikuwa pembeni ya mstari, kofia mkononi, anamwelekeza kijana mmoja jinsi ya kuweka mguu wa nje.

Kipa Namba Moja, ukiwa na jibu kuhusu ile sheria ya wiki ya kwanza liweke hapa, nitarudi baada ya zamu.